Taa ya Samaki wa Bi Mize

Nyinyi vijana mnaofunga zile mashine za kusafisha maji kwa taa, nimewaona. Mnakuja na pikipiki, mnaning'iniza kile kidude jikoni kwa mtu, mnawasha, mnamwonyesha mwangaza wa samawati kwenye kitundu, mnamwambia, "Mama, maji sasa ni safi, kunywa." Kisha hao mmeondoka, hamrudi mpaka kitu kiharibike. Mmoja wenu nilimwuliza kioo cha ndani kilipanguswa lini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mahari ya nyanya yake. Akasema, "Kwani kwaro unajua hizi vitu?" Kwaro ni babu, kwa wale wasiojua Kijaluo. Nikamwambia ninazijua, na kwamba yangu ya kwanza niliifunga hapa hapa Homa Bay, miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga, tena kwenye maji ya chumvi, kwa ajili ya samaki wa baharini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bahari na Homa Bay wapi na wapi?

Basi kaeni niwaeleze. Pana mahali pa kucheka, lakini si pengi.

Kazi ya pampu na umeme nilifundishwa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, na Mkuria mmoja aliyeitwa Mwita. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza, na kwa muda mrefu hakuniruhusu hata kushika spana. Alinikalisha kando ya pampu iliyokuwa ikivuta maji shimoni, akaniambia nifumbe macho nisikilize. Nikifumbua, ananirushia kokoto. "Wewe Mjaluo unapenda kuangalia," aliniambia. "Pampu haiangaliwi. Pampu inasikizwa." Nilimchukia sana mwaka ule. Lakini hadi leo nikipita karibu na posho mili, najua kama beringi yake imechoka.

Kuna siku moja hakuwa na utani. Pampu ilikuwa inanguruma vizuri, mota ina joto lake la kawaida, kila mtu ameridhika. Kumbe chujio la chini lilikuwa limeziba kwa matope na pampu haivuti hata tone. Maji yakapanda shimoni. Tulimtoa mtu mmoja akiwa amekufa, baba wa watoto wadogo. Mwita alikaa juu ya kifusi, mikono magotini, akasema, "Ilikuwa inazunguka. Sote tuliona inazunguka." Kwa hivyo mkinisikia nauliza kuhusu vioo na machujio, msidhani ni uzee. Mashine kuwaka ni jambo moja, na kufanya kazi ni jambo jingine.

Nilipotoka Masara nikaja Homa Bay, nikawa fundi wa kila kitu: jenereta, redio, mizani, hata cherehani. Mteja wangu mkubwa alikuwa Bwana Salim, mtu wa Mombasa, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na wali karibu na gati, na biashara ya kununua samaki wakavu. Alikuwa na jenereta yake mwenyewe nyuma ya hoteli, na hiyo ndiyo iliyonipa mkate. Mtu mpole, mwenye haya, asiyejua kugomba hata na mwizi. Jamaa zangu walimwita jaduong', yaani mzee, akiwa bado kijana, kwa ule utaratibu wake wa kusema.

Baba yake alipofariki, Salim alikwenda pwani akamchukua mama yake, Bi Mize. Salim alikuwa mtoto wake wa pekee, na kule nyumbani hakukubaki mtu wa kumpa hata maji ya kunywa. Bi Mize akaja, kwa gari la moshi hadi Kisumu, halafu kwa meli. Aliposhuka gatini alitazama ziwa letu kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Maji gani haya," akasema, "hayajai wala hayapwi?"

Kila asubuhi aliuliza swali hilo hilo. Alizaliwa katika nyumba za wavuvi, na maisha yake yote saa yake ilikuwa bahari: maji yakijaa anajua, yakipwa anajua. Hapa maji yamelala tu. Hayana harufu, alisema. Hata kunguru wa hapa hawajui la kufanya. Macho yake nayo yalikuwa na mtoto wa jicho. Rangi aliziona, lakini vitu vya mbali vilimchanganyikia. Akaanza kukataa chakula. Neno lake likawa moja: nirudishe kwetu. Na Salim hakuweza. Hakuweza kuacha biashara, na hakuweza kumwacha mama afie katika nyumba tupu, agunduliwe na majirani. Aliniambia hayo huku akipangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Ndipo akawaza lile wazo lake. Kama mama hawezi kwenda baharini, basi bahari ije.

Msicheke. Alikuwa na binamu yake, Abdalla, baharia, mtoto wa dada yake Bi Mize. Alipokuwa nchi kavu, Abdalla alileta maji ya bahari katika mitungi mikubwa ya kioo iliyosukiwa makuti nje isivunjike, akaileta kwa gari la moshi na kwa meli, na watu gatini wakawa wanauliza kama ni dawa. Samaki aliwaleta kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa kutoka mtungi wa mchomeleaji vyuma. Samaki wadogo wa mawe: kitatange wa manjano mwenye mistari myeusi, na wengine wa samawati ambao sikuwahi kuona rangi kama ile kwa kiumbe hai. Sisi samaki wetu wana rangi ya sufuria.

Tangi la kioo lilikuwa kazi yangu, na pampu pia. Nikalifunga kwa ustadi wote wa Masara: viungo vya shaba, koki za shaba, vyote vinang'aa kama vya hospitali. Maji yalikuwa yamekaa ndani siku kadhaa wakati Abdalla alipofika na samaki wake. Alitazama koki zangu, akaona ule ukungu wa kijani ulioanza kuota, akakumbatia mfuko wake.

"Fundi, hawa hawaingii humo."

"Kwa nini?"

"Shaba na maji ya chumvi ni sumu kwao. Wataanguka kama nzi."

Basi ikabidi nifungue kila kitu, nimwage maji, nitafute mipira na viungo vya plastiki mji mzima, na Abdalla alikaa kwenye kiti muda wote huo, mfuko mapajani, akiutikisa taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Kila aliyeingia kunywa chai alimwuliza mtoto ana umri gani. Hilo ndilo la kwanza mlijue: kwenye maji ya chumvi, shaba isiguse maji hata mahali padogo. La pili, maji yakipungua ni maji tu yaliyokwenda hewani, chumvi imebaki. Unaongeza maji ya mvua, huongezi ya bahari. Hili nililieleza mara nyingi kwa Opiyo, na kila mara nilimkuta na kijiko cha chumvi ya jikoni.

Opiyo ndiye Salim alimwajiri kuwatunza. Alikuwa mvuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani, mmoja wa wale wanaoingia ziwani na taa za karabai. Taa inaelea juu ya maji, omena wanaifuata kwa maelfu, kisha wavu unapita chini. Kaka yake alizama kazini, naye akaapa hatapanda mtumbwi tena. Salim alisema mtu anayejua samaki ni anayejua samaki. Opiyo alikuwa na moyo mwema kuliko watu wote niliowajua, na ninalisema hilo sasa kabla sijafika mbele.

Bi Mize alikalishwa mbele ya tangi, katika chumba cha nyuma ambacho hakikuwa na jua kali. Siku ya kwanza alichovya kidole, akakiweka mdomoni, akakaa hivyo hivyo muda mrefu. Kisha akaomba wali.

Lakini samaki wakaugua. Waliota vidoa vyeupe mwili mzima, kama punje za chumvi, wakawa wanajikwaruza kwenye mawe, wakapumua haraka, wakafa mmoja baada ya mwingine. Abdalla akaleta wengine. Nao vidoa vikawaota. Alisema ni vidudu visivyoonekana vinavyoogelea ndani ya maji vikitafuta samaki wa kuingia, na kwamba melini kwao alisikia habari za taa maalumu ya kuua vidudu. Siku ile alipomwopoa wa mwisho wa kundi la pili, mimi nilikuwa pale nikitengeneza soketi. Bi Mize akamwita mwanawe.

"Salim. Abdalla ataleta hiyo taa na samaki wengine. Wakiishi, nami nitaishi hapa, na hutanisikia tena nikitaja kwetu. Wakifa, unanikatia tiketi ya meli. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mbele ya fundi?"

Salim alinitazama, macho yake kama ya mtu anayeomba nisiwe pale. "Mbele ya fundi," akasema.

Taa ikaja, imefungwa kwenye blanketi. Ilikuwa bomba jembamba la kioo, urefu kama mkono, na choki yake, kile kisanduku cha umeme kinachovuma, na stata yake ya kuiwashia. Pamoja nayo kulikuwa na ganda la kioo la kuvalia, kwa sababu taa yenyewe haitakiwi kulowa. Ganda hilo, sikilizeni vizuri, si kioo cha dirisha. Limeyeyushwa kutokana na jiwe jeupe, lile lile ambalo watu wa Masara wanalivunja wakitafuta dhahabu. Kioo cha dirisha kinazuia ule mwangaza wa kuua. Likivunjika ukaweka kioo chochote ulichookota, utaona samawati nzuri kabisa, na wadudu wataishi humo na kuoa. Na usilishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono yanaganda.

Nililiweka ganda ndani ya bomba pana lisilopitisha mwangaza, ili maji yapite katikati ya viwili hivyo, karibu na taa. Maji yatoke kwanza kwenye chujio, ndipo yaje kwenye taa, kwa maana maji yenye uchafu yanawapa wadudu kivuli. Na yaje polepole. Hapo nilipambana na nafsi yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa migodini na nilizoea pampu ya kuvuta kwa nguvu. Hapa ukivuta kwa nguvu, mdudu anapita mbele ya taa kama mtu anayekimbia mvua, halowi. Niliibana koki mpaka maji yakawa yanatembea. Taa hii pia haimponyi samaki mgonjwa. Inaua kile kinachopita mbele yake tu. Kwa hivyo inataka subira na ganda safi. Ute unaota juu ya ganda, na kila wiki lazima ulivue, ulipanguse kwa kitambaa na siki. Msipofanya hivyo mnauza mwangaza wa samawati tu.

Jambo la mwisho nililomwambia Opiyo, na nililisema kwa Kijaluo ili lisipotee njiani: taa hii haitazamwi. Ukitaka kuipangusa, zima kwanza. Alitikia kwa kichwa. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayemwonea fundi huruma.

Samaki waliokuja na taa waliishi. Masika yakapita, vuli ikaja, vidoa havikurudi. Bi Mize alinenepa. Alianza kuwatania wateja, akawafundisha wapishi wa Salim kupika samaki wa kupaka kwa ngege wetu, akisema ngege ana nyama ya heshima ijapokuwa hakulelewa vizuri. Hakutaja kwetu hata mara moja. Salim akawa anaimba akihesabu magunia. Mimi nilipita kila wiki kupangusa ganda, na Bi Mize alinikaribisha: "Karibu Fundi Okech, njoo uwatazame wanangu, mimi sioni ila vivuli vyao." Hilo ndilo lililokuwa linamwuma. Samaki walipenda kujificha nyuma ya mawe, na macho yake hayakufika huko.

Opiyo alilisikia neno hilo kila wiki.

Wakati mmoja niliitwa kwenda Ogwedhi, kule mpakani ambako mnada wa ng'ombe unafanyika, kufunga pampu ya birika la kunyweshea. Nikakaa huko siku chache. Nyuma yangu Opiyo akafikiri kama mvuvi wa omena anavyofikiri. Taa inaita samaki. Kila mtoto wa ziwani anajua. Sasa huyu fundi ana taa nzuri kuliko karabai, ameifungia ndani ya bomba mahali ambapo hata samaki mmoja hawezi kuiona, na mama anakaa hapa anawatamani. Akaichomoa taa kutoka kwenye bomba lake, akaitundika juu ya tangi kwa kamba, akaiwasha asubuhi. Akasogeza kiti cha Bi Mize karibu kabisa.

Nao wakaja, au labda ni kwa sababu alikuwa akiwalisha pale pale chini ya taa. Bi Mize aliniambia baadaye kwamba aliona mistari ya kitatange mmoja mmoja, aliona mapezi. Alikaa hapo, uso juu ya maji, mpaka taa za hoteli zikawashwa. Opiyo alikaa naye. Alisema chumba kilikuwa na harufu kama baada ya radi kupiga.

Kabla hawajalala macho yao yalikuwa yamejaa mchanga usiotoka. Asubuhi hawakuweza kuyafungua. Salim aliwapeleka hospitali, wakafungwa bandeji. Macho ya Opiyo yalikuwa ya kijana, yalipona upesi. Ya Bi Mize yaliingia usaha, na bandeji ilipotolewa hakuona hata rangi. Daktari alisema yalikuwa yamechoka tangu mwanzo. Labda ni kweli. Samaki nao ngozi zao ziligeuka nyeupe kama zilizomwagiwa maji ya moto, macho yakafunga ukungu, wakaacha kula. Niliporudi kutoka Ogwedhi nilimkuta samaki wa mwisho akielea.

Opiyo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Mimi nilitaka tu mama aone," aliniambia. "Taa iko hapo na samaki iko hapo. Nilitaka tu aone." Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Mwita angemrushia kokoto. Mimi nilikaa chini karibu naye.

Salim aliingia akafunga mlango. Alitazama tangi, akatutazama sisi wawili. Mama yake alikuwa chumba cha pili, bandeji machoni, na tulisikia sauti yake wazi kabisa.

"Salim, samaki wazima?"

Abdalla alikuwa safarini, hakuna aliyejua meli yake ingetia nanga lini Mombasa. Hapakuwa na samaki wengine wa kuleta.

"Wazima, mama," akasema.

Tangu siku hiyo nikawa fundi wa tangi lisilo na kitu. Salim alinisihi niache pampu ikizunguka na mapovu ya hewa yakipanda, kwa sababu Bi Mize, bandeji ilipotolewa, alirudi kwenye kiti chake na kusikiliza. Taa niliirudisha mahali pake na kuiwasha, ili choki ile iendelee kuvuma kama zamani. Chakula hatukuweza kutupa, kingeoza na kunuka, basi Opiyo kila asubuhi alirusha punje za kokoto majini, moja moja, ili isikike kama anawalisha. Alifanya hivyo huku machozi yakimtoka, kijana yule, na bila sauti. Salim alisimama mlangoni akiangalia, kisha anakwenda kuhesabu magunia yake. Hakuimba tena. Wateja waliambiwa wasiingie kule nyuma.

Ilikuwa kazi ya aibu, na niliifanya. Kila nilipoingia nilikumbuka yule mtu tuliyemtoa shimoni. Kila kitu kinazunguka.

Asubuhi moja nilikuwa nimelivua ganda, ninalipangusa kwa siki kama kawaida. Sijui kwa nini nililipangusa. Nadhani mikono haikujua la kufanya. Opiyo alikuwa amekwenda sokoni.

"Fundi," akasema Bi Mize, "unapangusa nini?"

"Kioo cha taa, mama."

"Taa inamlinda nani?"

Ganda lilikuwa mkononi na niliogopa kulidondosha.

"Mimi nimelelewa na samaki, mwanangu," akasema. "Samaki akija kula, maji husema. Huyu Opiyo anarusha mawe. Nimejua tangu siku ya kwanza, hata kabla hamjaanza. Sauti ya Salim niliisikia alipojibu. Yule hajui kusema uongo, tangu mdogo. Ukimtuma dukani akala sukari njiani, anaanza kulia kabla hujamwuliza."

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa alikuwa nao tayari. Nikamwambia pia kwamba ahadi ilitolewa mbele yangu, na kama anataka nitamkumbusha Salim, meli ya Kisumu itafika Ijumaa.

Mapovu yakapanda, choki ikavuma. Aliusogeza mkono mpaka akagusa kioo cha tangi, na ninaweza kuwaambia kwamba uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kwenda. Sijaona mtu anayetaka kitu vile.

"Marehemu babake Salim," akasema, "aliishi nami miaka yote ile, akanambia ukweli kila siku. Nenda, kaa, ni hiari yako. Hakuwahi kunisemea uongo hata mmoja ili nisiondoke. Huyu mtoto amenisemea. Anatoka jasho, maskini, lakini amesema." Akacheka kidogo, si kicheko hasa. "Nikimwambia nimejua, atanipeleka. Ni mtu wa ahadi. Atanipeleka, atarudi hapa peke yake na aibu yake, na aibu hiyo itamla. Bora niliwe mimi na hili ziwa lenu."

"Lakini mama, wewe unataka kwenu."

"Nataka. Nani kasema sitaki?" Akaondoa mkono kwenye kioo. "Utamaliza kupangusa, utarudisha taa yako, na hutamwambia. Wala Opiyo. Haya, maliza."

Nikamaliza.

Alikaa nasi miezi kadhaa baada ya hapo. Kila asubuhi Opiyo anarusha kokoto zake, na Bi Mize anasema, "Leo wana njaa hao," na Salim aliyesimama mlangoni anashusha pumzi. Mimi nilikuwa katikati, nikiwatazama wote, nikiwa na siri ya kila mmoja. Mikono yangu imewahi kupigwa na umeme, imewahi kuungua, lakini sijawahi kubeba kitu kilichonichosha vile. Kwetu husema mzigo wa kichwani unaweza kuutua barabarani ukapumzika. Ule haukuwa na pa kutuliwa.

Masika yalipoanza alishikwa na homa ya kifua. Hakukaa kitandani muda mrefu. Alifariki alfajiri, na kwa kuwa dini yao haiweki maiti, na pwani ni mbali, Salim alimzika alasiri ile ile, juu kidogo ya mji, pamoja na Waislamu wachache waliokuwa wamezikwa pale. Kutoka kaburini unaliona ziwa lote. Opiyo, ambaye ni Mkristo na hakujua taratibu zao, alisimama mbali na kofia mkononi mpaka kila mtu akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kuzima mashine. Nilimkuta Salim katika chumba cha nyuma, amekaa kwenye kiti cha mama yake, pampu bado inazunguka. Nikachomoa waya wa taa kwanza, kwa sababu taa ndiyo huanza, kisha pampu ya maji, mwisho ile ya hewa. Mapovu yakaisha. Sikuwa nimewahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya.

"Okech," akasema, "wewe ulikuwa ukikaa naye asubuhi. Aliwahi kushuku?"

"Kushuku nini?"

"Samaki."

Vijana, nimefunga mashine nyingi tangu siku ile, na mmenisikia nikiwagombeza kwamba mteja aambiwe ukweli kuhusu chombo chake, kinafanya kazi au kinawaka tu. Nitaendelea kuwagombeza. Lakini mnitazame nilivyosimama pale na waya mkononi, na mtu mzima ameniinulia uso.

"Hakuwahi," nikamwambia.

Akafunika macho kwa kiganja. "Basi alibaki kwa sababu aliridhika," akasema. "Nilikuwa nikiogopa. Nilidhani nimemzuia mama yangu kwa nguvu."

"Hukumzuia, Bwana Salim," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.